Mwenye Kungojea Jibu: Kumbukumbu za Muuguzi wa Uvira

Katika maradhi yote niliyojaliwa kuyahudumia kando ya Ziwa Tanganyika, kuanzia kipindupindu ambacho hakijapata kuiacha Uvira ikapumua, hadi malaria na surua za bonde la Ruzizi, hakuna hata moja lililonidai maneno mengi kama UKIMWI. Mgonjwa wa kipindupindu hutundikiwa maji, na kwa muda wa siku chache mambo yake hubainika, ama kwa afya ama kwa msiba. Lakini mwenye virusi vya UKIMWI hupewa kidonge cha leo, na cha kesho, na cha umri wake wote uliobaki, na baina ya kidonge na kidonge hukaa saa 24 za shaka, safari, njaa, haya na uvumi, ambazo hapana tabibu awezaye kuzitibu kwa dawa. Muda huo hushikwa na maneno: neno la kutia moyo, neno la kuonya, swali la kumjulia hali mtu aliye mbali. Ndiyo maana simu za mkononi zilipoenea katika mji wetu, na baada yake intaneti, niliziona kuwa ni njia mpya ya kulipa deni la zamani. Nimekusudia katika kurasa hizi kueleza niliyoyaona katika njia hiyo, pamoja na yale ambayo wataalamu wa nchi jirani na za mbali waliyapima kwa mizani ya elimu, ili atakayeishika kazi hii baada yangu ajue nguvu yake iko wapi na udhaifu wake uko wapi.

Ukoo wetu ni wa watu waliovuka ziwa kutoka Ujiji zamani za misafara, wakajenga Uvira, wakazika hapo wazee wao na kusomesha hapo watoto wao. Mji wenyewe ni ukanda mwembamba wa ardhi, uliobanwa baina ya milima ya Mitumba upande wa magharibi na maji upande wa mashariki, ukinyooka kutoka mpaka wa Kavimvira, ambako barabara huvuka kwenda Gatumba na Bujumbura, ukapita Mulongwe na Kimanga hata ukafikia bandari ya Kalundu. Na kutoka hapo njia hufuata ufuko kwenda Makobola, Mboko, Baraka na Fizi. Kaskazini liko bonde la Ruzizi, penye Kiliba ya mashamba ya miwa, na Sange, na Luvungi. Katika ukanda huo hakuna atuliaye. Mvuvi wa ndagala hukesha ziwani, mchuuzi hulala Bujumbura, askari huhamishwa, mchimba dhahabu hupanda milimani, na mkimbizi hukimbia, akarudi, akakimbia tena. Tangu mwaka 1996, vita vilipoanzia katika pande zetu hizi, sidhani kama iko nyumba Uvira ambayo haijapata kufunga mizigo usiku. Na dawa ya UKIMWI, kwa maumbile yake, ni dawa ya mtu aliyetulia, maana hutaka saa ile ile kila siku, na kituo kile kile cha kurejea pale vidonge vinapokwisha.

Tena kuna jambo ambalo mgeni aghalabu halitambui. Uchunguzi wa afya wa taifa uliofanywa mwaka 2013 na 2014 ulikuta kwamba katika nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, watu wazima wenye virusi ni kama 12 katika kila 1,000, hesabu ndogo sana ukiilinganisha na ile ya nchi za kusini mwa Afrika, ambako ni shida kuona ukoo usioguswa. Hesabu ndogo ni rehema kwa taifa, lakini kwa mgonjwa mmoja mmoja ni upweke. Mahali ambapo maradhi ni ya wachache, siri yake huwa nzito, na mwenye nayo hudhani ya kuwa mtaa mzima una afya isipokuwa yeye. Niliwajua wanawake waliovipita kwa miguu vituo viwili vya afya, juani, na mtoto mgongoni, ili wakachukue dawa katika kituo cha tatu ambako hapana shemeji wala jirani wa kuwaona. Asiyeufahamu uzito wa siri hiyo, hata akiwa na ilimu zote za tiba, hawezi kufahamu kwa nini watu wenye akili timamu huacha dawa inayowapa uhai.

Habari za maradhi haya zilitufikia kwanza kwa sauti. Mwaka 1987 Franco Luambo Makiadi, ambaye gitaa lake lilipendwa kutoka Kinshasa mpaka Mombasa, alitoa wimbo mrefu wa kuonya juu ya SIDA, yaani UKIMWI kwa Kifaransa, na redio zikaupiga hata wasiojua Kifaransa wakafahamu kwamba jambo kubwa limeingia duniani. Mwaka huo huo, mwezi wa Novemba, Profesa Lurhuma wa Kinshasa pamoja na wenzake wa Misri walitangaza dawa iliyoitwa MM1, kwa herufi za majina ya marais Mobutu na Mubarak, na tangazo hilo likapokewa kwa shangwe kubwa. Dawa haikuponya, na shangwe ikaisha kimya kimya, pasipo mtu kwenda nyumba kwa nyumba kuwaambia waliotumaini kwamba tumaini lile halikuwa na msingi. Onyo la kweli na tumaini la bure yalipita katika chombo kimoja, kwa kasi moja. Redio husema na maelfu, lakini haimsikii hata mmoja wao; na mwenye shaka rohoni, aliyetaka kuuliza neno moja tu, alibaki na shaka yake.

Dawa za kudhibiti virusi zilipoanza kupatikana bure katika vituo vyetu, kazi ya muuguzi iligeuka. Zamani tuliwasindikiza wagonjwa kwenda kaburini. Sasa tukaanza kuwasindikiza kwenda kwenye uzee. Kitabu cha kituo kilikuwa na safu ya waliofika siku yao na safu ya waliopotea machoni, na safu hii ya pili ndiyo iliyokuwa ikiniondolea usingizi, kwani mtu akikatiza dawa virusi huamka, na vikiamka mara kwa mara huweza kujigeuza vikaishinda dawa yenyewe. Desturi ilikuwa kumtuma mjumbe wa afya apande pikipiki akamtafute aliyepotea. Lakini mjumbe akifika uani na kuulizia jina la mtu, majirani nao huuliza ana habari gani naye, na siri iliyotunzwa kwa miaka humwagika kabla motari hajazima injini. Alikuwako kijana mmoja wa Kasenga aliyehama mtaa kwa sababu ya kutembelewa namna hiyo, na hatukumpata tena.

Tukiwa katika mashaka hayo ndipo nilipopata habari ya utafiti wa Kenya, ambao mpaka leo nauhesabu kuwa miongoni mwa kazi adilifu kabisa zilizofanywa kwa lugha yetu. Kati ya Mei 2007 na Oktoba 2008, katika vituo vitatu vya Nairobi na Kajiado, waliandikwa wagonjwa 538 waliokuwa wakianza dawa, wakagawanywa kwa kura: 273 wakawa wa kutumiwa ujumbe wa simu kila wiki, na 265 wakahudumiwa kwa desturi ya siku zote. Ujumbe wenyewe ulikuwa neno moja, "Mambo?", nalo lilitoka kwa muuguzi wa kituo. Mgonjwa alitakiwa ajibu katika muda wa saa 48, ama "Sawa" ama "Shida". Na yule aliyesema ana shida, kadhalika na yule aliyenyamaza, muuguzi alimpigia simu akazungumza naye. Hapakuwa na mahubiri ndani yake, wala jina la dawa, wala jina la maradhi. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2010 katika jarida la tiba la The Lancet, ilionekana kwamba baada ya mwaka mmoja waliokuwa wakiulizwa hali zao walimeza dawa ipasavyo kwa asilimia 62, hali wenzao walikuwa asilimia 50; na damu ilipopimwa, asilimia 57 ya kundi la kwanza walikuwa wamevidhibiti virusi, na asilimia 48 ya kundi la pili.

Nilipoisoma habari hiyo nilitafakari sana juu ya umbo la kazi ile kuliko juu ya hesabu zake. Ujumbe wenyewe haukuwa na tiba yoyote ndani yake. Uliunganishwa na mtu aliyekuwa ameketi mahali fulani, akiwa na orodha mbele yake, akingojea. Na mgonjwa alijua kwamba akinyamaza, kunyamaza kwake kutasikiwa. Katika maisha ya watu wetu wengi, ambao huweza kupotea mwaka mzima pasipo ofisi yoyote kuuliza wamekwenda wapi, kusikiwa hata katika kimya ni heshima kubwa.

Kwa idhini ya wakubwa wetu wa kazi tukaanza na sisi, kwa simu moja ya kituo na vocha zilizopatikana kwa kuchangishana, na kwa kumwomba kila mgonjwa radhi yake kabla ya kuiandika namba yake. Mmoja wao alikuwa mama wa makamo wa mtaa wa Mulongwe, mchuuzi wa ndagala, ambaye simu aliyoitumia ilikuwa ya nyumba nzima, yake na ya mumewe na ya mwanawe mkubwa. Nilipomweleza shauri letu aliketi kimya kitambo, akikunja na kukunjua ncha ya kikwembe chake, kisha akaniambia, "Dada, usiniulize afya. Niulize mzigo." Tukaafikiana pale pale. Kila Alhamisi mchana ningemwandikia, "Mama, mzigo umefika?" Akijibu "Umefika", dawa zinamezwa, akijibu "Umelowa", amekosa siku moja au zaidi, nami nimpigie jioni sokoni, akijibu "Bado uko Kalundu", yuko mahali ambapo hawezi kusema, nisithubutu kupiga mpaka anitafute mwenyewe. Mchuuzi wa ndagala huulizwa maswali hayo na watu kumi kwa siku, na hata simu ingekuwa mkononi mwa mumewe, hapana ambalo lingemtia wasiwasi. Mama yule aliendelea na dawa zake miaka mingi, akazaa mtoto asiye na virusi, na siku moja ya mvua, alipoandika "Umelowa" na mimi nikampigia kwa haraka, alicheka akasema kwamba safari ile ni ndagala wenyewe waliolowa.

Nimelieleza jambo hilo kwa urefu kwa kuwa limenifundisha kanuni ambayo sikuiona katika kitabu chochote cha chuo changu: ujumbe na ukatwe na kushonwa kwa kipimo cha nyumba utakamofikia, na mwenye kujua kipimo hicho ni mgonjwa. Mtaalamu wa mjini aweza kubuni maneno mazuri kwa Kiswahili sanifu, yenye adabu na usahihi wote, na maneno hayo yakamvunjia mtu ndoa.

Wavuvi nao walikuwa na kipimo chao. Ndagala huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza. Mwezi unapokuwa mpevu samaki hawaifuati taa, na watu hukaa nchi kavu wakishona nyavu na kutengeneza mitumbwi. Kuwaandikia wavuvi tarehe za kalenda ilikuwa kazi bure. Tukaanza kuwapangia siku za kuja kituoni kwa kufuata mwezi, na ujumbe wao tukautuma saa za alasiri kabla hawajasukuma mitumbwi, maana wakishafika kilindini, simu waliyoifunga katika mfuko wa plastiki ama hukosa mtandao kabisa ama hushika mnara wa Burundi na kula salio. Mzee mmoja wa Makobola, aliyekuwa akisahau dawa mara kwa mara, alinieleza baadaye dawa ya usahaulifu wake: "Mama, mimi humeza ninapowasha taa. Taa sijapata kuisahau, basi na kidonge sikisahau." Nikalichukua shauri lake nikawapa wavuvi wengine, nao wakalifuata kuliko walivyofuata maneno yangu.

Je, ujumbe mwingi ni bora kuliko ujumbe kidogo? Wako waliodhani hivyo, na ni vyema kwamba jambo hilo nalo lilipimwa. Huko Chulaimbo, magharibi ya Kenya, utafiti uliotolewa mwaka 2011 uliwafuata wagonjwa 431 kwa wiki 48. Katika waliokumbushwa mara moja kwa wiki, asilimia 53 walishika dawa kwa kiwango cha juu, hali wale wasiokumbushwa walikuwa asilimia 40. Lakini wale waliokumbushwa kila siku hawakuwapita wasiokumbushwa. Na huko Yaoundé, nchini Kamerun, utafiti wa mwaka uliofuata, uliowahusu watu 200, haukuona tofauti ya kutegemewa baina ya waliotumiwa ujumbe wa kila wiki na wasiotumiwa. Nazitaja habari hizi zote mbili kwa insafu, kwa sababu mtu anayeipenda kazi yake ana wajibu wa kuyapokea majibu yanayomwuma kama anavyoyapokea yanayompendeza. Yaliyonidhihirikia mimi kwa macho yalikuwa karibu na hayo. Kengele inayolia kila siku huzoeleka, kisha huchukiwa. Swali la mtu unayemfahamu, lijalo kwa nafasi yake, hupokewa kama ugeni.

Ilipokuja intaneti, na vijana wa Uvira wakaanza kununua mega kabla ya kununua mkate, mlango mwingine ulifunguka. Kituoni kijana wa kiume alikuwa haingii ila amebebwa, lakini katika WhatsApp aliuliza usiku, peke yake, chini ya shuka, akianza karibu kila mara kwa maneno yale yale: "Samahani mama, nina swali la rafiki yangu." Niliyajibu maswali ya rafiki huyo kwa taadhima yote, na wala sikumwuliza mtu rafiki yake ni nani. Jambo hili nalo limepimwa kwa elimu. Katika jiji la Los Angeles watafiti waliwakusanya wanaume 112 katika vikundi vya Facebook. Waliokuwa katika vikundi vilivyozungumza juu ya kinga ya UKIMWI, wakiongozwa na wenzao waliofunzwa, waliomba vifaa vya kujipima nyumbani kwa asilimia 44, na wale wa vikundi vilivyozungumza afya kwa jumla waliviomba kwa asilimia 20. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani limependekeza kujipima mwenyewe kwa faragha, nami naona kwamba kwa mji kama wetu, penye siri nzito, kipimo cha faragha pamoja na mtu wa kuulizwa usiku ule ule ni vitu viwili visivyopasa kutenganishwa. Maana mtu aliyeona mistari miwili katika kipimo, na hana wa kumwambia, yuko katika hatari kubwa.

Lakini faida iliyonigusa kuliko zote ilihusu saa 72. Dawa ya kumkinga mtu aliyeingiliwa kwa nguvu, asiambukizwe virusi, hufaa ikianzwa katika muda huo, na kadiri inavyoanzwa mapema ndivyo inavyofaa zaidi. Katika nchi ambayo wanawake wameteswa kiasi cha wanawake wa pande zetu za Kivu, wengi walizijua saa hizo baada ya kwisha. Tulirekodi maelezo mafupi kwa sauti, kwa Kiswahili cha kwetu, yasiyomtaja wala kumlaumu mtu, tukayaachia yatembee kutoka simu hadi simu. Siku moja alfajiri binti mmoja wa bondeni aliandika maneno machache: yamempata juzi usiku, amesikia ile sauti, je, muda umekwisha? Haukuwa umekwisha. Alipandishwa pikipiki na shangazi yake, akafika kabla ya adhuhuri. Kwa ajili ya asubuhi ile moja, vocha zote tulizopata kuzinunua zimelipwa.

Njia iliyompeleka binti yule kwenye dawa ndiyo hiyo hiyo inayowapeleka wengine mbali nayo. Mwaka 2011, Mchungaji Ambilikile Mwasapile wa Samunge, Loliondo, nchini Tanzania, alipokuwa akiwanywesha watu kikombe cha dawa ya mti kwa shilingi 500, magari yalipangana foleni kwa maili, na habari zilizotembea kwa simu ziliwatoa watu katika nchi kadhaa jirani. Na wako walioacha vidonge vyao kwa kutumaini kikombe. Ilikuwa MM1 imezaliwa upya, na safari hii haikuhitaji marais wawili wa kuitangaza. Baadaye WhatsApp ikajaa wauza mizizi na wauza maombi. Nilijifunza kutowakejeli wala kuwatukana, kwa kuwa anayekejeli uvumi humkejeli na yule aliyeuamini, na aliyekejeliwa haulizi tena. Nilimwambia mtu: ndugu yangu, usiache kidonge, ukitaka kunywa cha mzee kunywa, kisha njoo tupime wingi wa virusi katika damu yako, na kipimo ndicho kitakachotuamua mimi na wewe.

Na uvumi haushindwi kwa makatazo kama unavyoshindwa kwa habari njema iliyo ya kweli. Habari hiyo tunayo. Mwaka 2011 utafiti uliofanywa katika nchi 9, Kenya ikiwamo, kwa jozi 1,763 ambazo mmoja ana virusi na mwenzake hana, ulionyesha kwamba dawa ikianzwa mapema hupunguza maambukizi baina yao kwa asilimia 96. Na mwaka 2016 uchunguzi wa nchi 14 za Ulaya haukuona hata ambukizo moja kutoka kwa mwenzi ambaye dawa ilikuwa imevizima virusi vyake visionekane katika damu. Kwa maneno mengine, mwenye kumeza dawa kwa uaminifu, na kipimo kikathibitisha, hamwambukizi mwenziwe kwa tendo la ndoa. Sijaona maneno yaliyonyosha migongo ya watu kama hayo. Tulipoyatuma kwa sauti, kwa kuwa wengi hawasomi kwa wepesi, mume mmoja wa Sange aliyekuwa amelala kitanda cha peke yake kwa muda mrefu alinipigia akaniomba niyarudie, mkewe akisikiliza.

Hapana budi niseme pia juu ya wale wasioonekana katika mtandao. Siku hizi watafiti hutuma maswali yao kwa intaneti, wakakusanya majibu ya watu wengi kwa muda mfupi na kwa gharama ndogo. Nami nawaunga mkono, kwa sababu mtu huiambia simu mambo ambayo hathubutu kumwambia mtu uso kwa uso. Lakini anayejibu ni yule mwenye simu kubwa, mwenye umeme, mwenye mega, na aghalabu ni mwanamume kijana wa mjini. Mjane wa kambi ya wavuvi, binti anayeazima simu ya kaka yake, bibi anayewalea wajukuu yatima katika barabara ya Fizi, hawamo katika hesabu, na hao ndio wenye mzigo mkubwa. Utafiti wa mtandaoni usipofuatwa na mtu wa kutembea kwa miguu, utatuletea sura ya wenye nafasi na kuiita sura ya watu wote. Na matokeo yakishapatikana na yarudishwe kwa waliojibu, kwa lugha yao, kwani aliyetoa siri ya maisha yake ana haki ya kujua imetumika kwa faida gani.

Siri yenyewe ni amana, na sheria ya nchi yetu ya tarehe 14 Julai 2008 inazilinda haki za wenye virusi na kukataza kubaguliwa kwao. Lakini sheria iko Kinshasa, na simu hupekuliwa kizuizini, barabarani, na kijana mwenye bunduki. Kwa hiyo tulijiwekea masharti: namba zisiandikwe pamoja na majina, neno la maradhi lisionekane katika ujumbe wowote, na wagonjwa wasikusanywe katika kikundi kimoja cha WhatsApp pasipo kila mmoja kujua na kuridhia, maana katika kikundi kila mtu huiona namba ya mwenziwe, na Uvira ni mji ambao namba hutambulika upesi kama sura.

Tena mtandao wenyewe si wa kutegemewa wakati wote. Mwisho wa Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti na ujumbe mfupi vilikatwa nchi nzima kwa muda wa wiki tatu hivi, na tukabaki na kupigiana kwa sauti tu. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua makumi ya watu na kuzoa nyumba na yote yaliyokuwamo. Na mwezi wa Desemba 2025, vita vilipoingia Uvira yenyewe, maelfu walivuka kwenda Burundi wakiwa na nguo walizovaa. Katika misukosuko hiyo walioepuka kukatiza dawa ni wale tuliokuwa tumekwisha kuzungumza nao mapema: kwamba wakisikia tetesi za vita waje wachukue dawa za miezi kadhaa, na kwamba waziweke kichwani, au katika simu zao kati ya orodha za sokoni, herufi tatu za kidonge chao, TLD, ambazo kila mhudumu wa UKIMWI huzitambua ng'ambo ya ziwa kama huku. Mtu aliyefika kituo kigeni na herufi hizo mdomoni hakuhitaji cheti wala maelezo marefu.

Alhasili, hayo ndiyo niliyoyachuma. Simu imewafikia watu ambao miguu yangu isingewafikia, imewaachia stara waliyonyimwa na ziara zetu, na imewapa nafasi ya kuuliza wale ambao redio haikuwasikia. Kila nilipoona ikifaa, palikuwa na binadamu upande wa pili aliyejulikana kwa sauti yake, anayeitunza siri, na anayejua la kufanya akijibiwa "Shida". Na pale binadamu huyo alipoondolewa kwa kukosa mshahara, au kazi yake ikaachiwa mashine ya kutuma maneno, majibu yalipungua wiki baada ya wiki, hata yakakoma. Serikali, mashirika na wataalamu watakaokuja kwetu na programu mpya, nao ni wengi na nia zao ni njema, nawasihi waulize swali moja kabla hawajanunua kitu chochote: nani atajibu? Wakiwa nalo jina la mtu huyo, na mshahara wake, na saa zake za kazi, na waanze kesho, nasi tutawapokea kwa mikono miwili. Na wakiwa hawana, basi fedha walizonazo na zimwajiri yeye kwanza.